Ufagio wa Bi Mwajabu

Uwanja uliofagiwa haukosi mgeni. Methali hiyo mmeisikia leo dukani, wajukuu zangu, mkanijia mbio, mkidhani ni maneno ya kusifia usafi tu. Kaeni basi niwaeleze ilikoanzia, ila msitarajie kucheka.

Zamani mji wetu huu wa Kwambago uliishi kwa kiwanda cha kamba za katani. King'ora kikilia, barabara ilijaa watu. Kisha zikaja kamba za plastiki, kiwanda kikafungwa, watu wakahama. Waliobaki waling'oa mabati na milango ya kota, zile nyumba za wafanyakazi, wakauza. Siwalaumu, njaa haina haya.

Katika laini ya mwisho ya kota alibaki mjane mmoja, Bi Mwajabu. Miaka yote alikuwa akifagia uwanja na jirani yake, Namkunda: huyu anaanzia huku, yule kule, wanakutana katikati kwa utani. Siku ya kuondoka Namkunda alimwachia ufunguo. "Nitunzie nyumba, shoga yangu. Nikitulia huko narudi."

Kesho yake Bi Mwajabu alifagia hadi katikati, akasimama. Hakuna mtu. Akaendelea hadi mlangoni kwa Namkunda, kisha hadi mwisho wa laini. Ikawa hivyo kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka. Wezi wa mabati waliezua kota nyingine, lakini ya Namkunda aliilinda kwa fimbo. Watu wakamcheka kwamba anawafagilia mashetani. Upweke ulimla mama yule, hata akawa anawasimulia kuku ndoto zake.

Asubuhi moja akasikia, "Hodi!"

"Karibu, shoga!" alijibu kabla hajatazama, akatoka mbio.

Hakuwa Namkunda. Alikuwa Shemdoe, fundi wa mazulia ya katani, pamoja na mkewe na mizigo yao.

"Shikamoo, mama," alisema Shemdoe. "Kote tulikopita ni vichaka na kuta tupu. Hapa tumeona uwanja safi, tukajua pana watu. Tunatafuta pa kuishi na kufanyia kazi."

"Marahaba. Ukiacha yangu, nyumba yenye paa ni ile moja tu, nayo ina mwenyewe."

"Anarudi lini?"

Bi Mwajabu aligeuka akaitazama nyumba ya Namkunda. Akiutoa ule ufunguo, amekubali kwamba Namkunda harudi. Akiwafukuza hawa, atabaki na kuku wake hadi kufa. Aliingia ndani akakaa sana, akatoka na ufunguo, machozi yanamtiririka.

"Karibuni," alimwambia mke wa Shemdoe. "Lakini uwanja huu hufagiwa na watu wawili."

Kazi ya mazulia ilihitaji mikono ya kuchana nyuzi, kusokota na kutia rangi. Watu wakaja, kota zikaezekwa, soko likarudi. Kiwanda hakijafunguliwa mpaka leo, lakini mji unapumua.

Kota ya mwisho ilipopata mtu, mama mmoja alimpongeza Bi Mwajabu kwamba majirani zake wamerudi.

"Hawajarudi," alijibu, ufagio mkononi. "Uwanja uliofagiwa haukosi mgeni, mwanangu. Mgeni, si yule uliyemfagilia."

Alifariki bila kumwona tena Namkunda, na nakwambieni, alimtamani mpaka siku ile. Fagieni, wajukuu zangu, lakini msijichagulie atakayepiga hodi. Uwanja uliofagiwa haukosi mgeni.