Uso wa Bibi Skolastika

Sogeeni karibu, na anayetafuna korosho atafune taratibu. Hadithi hii ina picha moja na mikono mitatu, na mwisho wake sikuumaliza mimi. Nimewaachia ninyi.

Juu ya uwanda wa Newala waliishi binamu watatu, wajukuu wa Babu Anselmi na Bibi Skolastika, ambaye kijiji kizima kilimwita Bibi Skola.

Wa kwanza, Siwema, alijaliwa jicho. Alikuwa na kibanda cha picha za pasipoti karibu na ofisi za halmashauri, na kwa kukutazama mara moja tu alijua kwamba sikio lako la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Hakulisema kwa ubaya. Alikusogeza kidogo, akapiga.

Wa pili, Mchopa, alijaliwa subira. Alikuwa fundi wa simu. Alipofungua simu, alipanga skrubu juu ya karatasi kwa utaratibu uleule alioutumia kuzitoa, akaandika namba pembeni ya kila moja. Wateja walimwona mzito, lakini simu iliyopita mikononi mwake haikurudishwa.

Wa tatu, Chilumba, alijaliwa ulimi. Alitangaza mitumba mnadani kwa kipaza sauti. Aliwahi kumuuzia mtu kiatu kimoja, na yule mtu, mwenye miguu miwili, akaondoka akishukuru.

Bibi Skola naye alikuwa na uso. Sisemi hivyo kwa mzaha. Akiwa msichana wa miaka kumi na miwili alichanjwa nembo, ile michoro ya mistari ambayo wanawake wa Kimakonde wa zamani walichanjwa mashavuni na kwenye paji la uso, kisha ikatiwa masizi ya mkaa ili ibaki nyeusi maisha yote. Kazi ile ilichukua siku mbili, naye hakulia. Kijijini walikuwa wamebaki wanawake wanne wenye nembo, kisha watatu, kwa sababu mwaka huo Bibi Matilda alifariki.

Hadithi yetu inaanzia kwenye msiba huo. Bibi Matilda hakuwa amewahi kupigwa picha nzuri, basi wanawe wakachukua kadi yake ya mpiga kura, wakaikuza picha ile ndogo na kuiweka kwenye fremu. Bibi Skola aliisogelea hadi pua ikakaribia kugusa kioo, maana macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Akaitazama kwa muda.

"Huyu si Matilda," alisema. "Huyu ni mtu aliyekamatwa."

Aliporudi nyumbani aliwaita wajukuu wake watatu.

"Nataka picha yangu sasa, nikiwa hai, ili siku yangu nisiwekwe mbele za watu kama mwizi wa kuku. Na nataka uso wangu wote. Atakayenipatia, ndiye atakayetangulia nayo."

Kwa desturi ya parokia yao, mtu mmoja hutangulia mbele ya jeneza akiwa ameikumbatia picha ya marehemu kifuani, kutoka nyumbani hadi kanisani na kutoka kanisani hadi kaburini. Hakuna kupokezana. Mume au mke wa marehemu hatangulii. Yeye hufuata nyuma ya jeneza. Anayetangulia hahitaji kusema neno lolote. Watu wakimwona wanajua: huyu alikuwa wa marehemu, na marehemu alikuwa wake.

Sasa ilitokea kwamba vijana fulani wa Dar es Salaam walikuwa wametengeneza programu mpya ya kamera ya simu, wakaiita Sura Safi. Kabla ya kuitoa kwa watu wote, waliwaomba wapiga picha mia mbili waijaribu kwa wiki sita na kuwatumia maoni. Siwema alikuwa mmoja wao. Kamera ya kawaida ya simu yake ilikuwa imemtoa Bibi kama kivuli, kwa sababu Bibi alikuwa mweusi sana na nembo zake nyeusi zaidi. Sura Safi ilijua ngozi nyeusi. Iliipa mwanga bila kuipausha.

Wakamketisha Bibi mlangoni kwa jikoni, asubuhi, mwanga ukitoka upande. Siwema akapiga. Simu ikapita mkono kwa mkono kwa ndugu na majirani waliokuwepo.

"Alaa! Bibi, umerudi usichana!"

"Babu aangalie, ataposa upya."

Bibi aliishika simu, akaisogeza mbele na nyuma, asione zaidi ya mwanga. "Nembo zangu zimetoka?"

"Zimetoka, Bibi. Umependeza."

Waliosema hivyo hawakudanganya kwa makusudi. Walikuwa wamezoea kuziona nembo zile, basi wakaziona hata mahali ambapo hazikuwepo. Siwema peke yake aliichukua simu tena, akaikuza picha, akapitisha jicho shavu hadi shavu.

"Hazipo, Bibi," alisema. "Imezifuta zote. Imedhani ni madoa."

Bibi alijipapasa shavu. "Siku mbili za kuchanjwa," alisema, "na simu imefuta kwa muda gani?"

"Hata sekunde moja haikufika."

Siwema aliandika maoni jioni ileile. Lakini alilelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri haanzi na lawama. Aliwaamkia vijana wa Dar es Salaam, akawauliza hali zao na za familia zao, akawapa pole kwa kazi, akawajulisha kwamba Newala mvua bado lakini afya zipo, na alipofika kwenye neno "ila", kisanduku cha maoni kikawa kimejaa. Akabonyeza kutuma akidhani yaliyobaki yatafuata yenyewe. Kesho yake alijibiwa: "Asante kwa salamu zako njema!"

Mchopa alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akachukua daftari.

Kwa siku kumi na moja Mchopa alimpiga Bibi picha thelathini na saba kwa simu ya Siwema. Alimpiga asubuhi na adhuhuri, kivulini na juani. Alijichora mwenyewe mistari ya mkaa mashavuni, akajipiga. Programu ilikuwa na kipimo cha kusafisha uso, kutoka sifuri hadi kumi. Alijaribu kila namba, na kwenye sifuri nembo zilifutika vilevile. Kila jibu aliliandika kwenye mstari wake. Siku ya kumi na moja Bibi alipiga chafya, akaziba mdomo kwa khanga, na Mchopa akabonyeza bila kukusudia. Katika picha ile nembo zilionekana zote.

Akapiga tena, mdomo ukiwa wazi: hazipo. Ukiwa umezibwa: zipo. Akarudia mara sita ili asijidanganye.

"Nimeipata," alisema. "Ikiona uso kamili, inausafisha bila kuulizwa, hata ukiiambia sifuri. Ukificha mdomo haitambui kwamba ni uso, basi inauacha."

"Kwa hiyo nizikwe nimeziba mdomo?" Bibi aliuliza.

"Ukoo mzima utashukuru, Bibi," Chilumba alisema, na Bibi akamrushia ganda la korosho lililompata sikioni, licha ya ukungu wote wa macho yake.

Mchopa aliyapeleka matokeo yake kwa hatua zilizohesabiwa, moja hadi saba, ili yeyote akizifuata aone alichokiona yeye. Alijibiwa na mashine: "Maoni yako ni muhimu kwetu." Zikapita siku nane. Hakuna aliyefungua.

Katika wiki ya tano waliotengeneza Sura Safi waliitisha kikao kwa simu. Kila mjaribu alipewa dakika mbili. Waliotangulia walisifu. Mmoja aliomba programu iongeze kope. Ilipofika zamu ya Siwema, alizikumbuka salamu zake, akamsogezea Chilumba simu.

Chilumba hakusalimia. Aliinua picha mbili mbele ya kamera, ya mdomo wazi na ya mdomo uliozibwa.

"Huyu ni bibi yangu Skolastika," alisema. "Na huyu pia ni yeye, ila amejificha nusu ili ninyi msimwone. Mkimwona, mnamfuta. Mistari hii alichanjwa na mama yake mdogo, na yeye ni mmoja wa watatu waliobaki hapa kijijini. Akifa tutaweka picha yake mbele ya jeneza. Nauliza swali moja tu, na dakika zangu zilizobaki nawapa mjibu. Ninyi mlipoandika kwenye programu yenu kwamba hiki ni doa, mlimuuliza nani?"

Kikao kilikaa kimya. Chilumba, ambaye mnadani haachi hata pumzi ipite bure, naye alinyamaza, akawaachia kimya chao. Mwishowe dada mmoja miongoni mwa waliotengeneza alisema, "Hatukumuuliza mtu. Kuna mwenye maelezo ya namna inavyotokea?"

"Mnayo kwa siku ya nane sasa," alijibu Mchopa kutoka nyuma. "Hatua saba."

Siku tisa baadaye toleo jipya lilifika, likiwa na kitufe kipya chini kushoto: Uso Kama Ulivyo.

Bibi akaketishwa tena mlangoni kwa jikoni. Wajukuu wote watatu walitaka kubonyeza, wakaanza kubishana, Bibi akakunja uso. Basi simu akapewa Babu Anselmi, ambaye hajawahi kupiga picha maishani mwake. Aliishika kwa mikono miwili kama sahani ya uji wa moto.

"Skola," alisema, "usicheke."

Bibi akacheka, na Babu akabonyeza.

Siwema alipotaka kuikagua picha, Babu alimzuia kwa kiganja. Aliivuta simu karibu, akahesabu kwa sauti ndogo. "Kumi na nne shavu hili. Kumi na nne lile. Saba kwenye paji. Thelathini na tano." Akairudisha. "Zote zipo."

"Ulizihesabu lini?" Chilumba aliuliza.

"Nimezihesabu miaka hamsini na mitatu. Endeleeni na mambo yenu."

Wakaendelea, na mambo yao yalikuwa moja tu: nani kashinda? Bibi alipoulizwa alisema atasema. Ikawa raha yake ya mwisho. Siwema akija na samaki, Bibi alisema, "Mbeba picha wangu huyo." Mchopa akitengeneza redio, alisema, "Nani mwingine kama huyu?" Chilumba akimchekesha, alifuta machozi na kusema, "Wewe tu, mjukuu wangu, wewe tu." Walijua anawachezea, nao waliendelea kuja.

Bibi Skola alifariki Alhamisi baada ya Pasaka, asubuhi, usingizini. Hakuwa amesema.

Sasa tazameni. Ni Jumamosi. Jeneza liko uani, juu ya viti viwili. Babu Anselmi ameketi mlangoni kwa jikoni na fremu iko magotini pake. Katekista ameshika msalaba. Kengele imelia mara ya kwanza, na padri anauliza kwa upole, "Nani anatangulia?"

Imenyooshwa mikono mitatu.

"Mimi," anasema Siwema. "Ninyi nyote mlisema amependeza. Bila mimi, leo tungekuwa tunamtanguliza mtu mwingine, na msingejua."

"Ulijua, ukatuma salamu," anasema Mchopa. "Mimi ndiye niliyekaa naye siku kumi na moja. Bila zile hatua saba, kwao tungebaki watu wanaolalamika tu."

"Hatua zako zilikaa siku nane bila kufunguliwa, kaka," anasema Chilumba, na leo sauti yake ni ndogo. "Aliyewafanya wafungue ni mimi."

"Kwa zamu ya nani?" anauliza Siwema.

"Na maelezo ya nani?" anauliza Mchopa.

Chini ya mkorosho akina mama wameanza kubishana. Mmoja anasema aliyeona ndiye aliyemwokoa. Mwingine anasema kuona hata mbuzi anaona, kazi ni ya aliyetafuta. Wa tatu anasema, "Nyamazeni. Kama asingesema mtu, mngekuwa mnabishana juu ya nini?" Mwingine anasema apewe Babu, kwani ndiye aliyebonyeza.

Babu anatikisa kichwa. "Mimi nafuata nyuma," anasema. "Ndiyo nafasi yangu." Anawatazama wajukuu wake mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayehesabu. "Alinicheka mimi katika picha hii, lakini ninyi ndio mliompa uso wa kuchekea. Angekosekana mmoja wenu, uso wote ungekosekana. Hilo nalijua. Nisichokijua ni mikono ipi iipokee picha."

Kengele inalia mara ya pili. Wabebaji wanainama kushika jeneza. Babu Anselmi anasimama, anaifuta fremu kioo kwa ukingo wa mkono wa shati, na uso wa mkewe unawatazama watu wote, nembo thelathini na tano mahali pake. Jeneza haliondoki mpaka mmoja apokee.

Mimi nimeishia hapo mlangoni. Wewe uliyesikiliza tangu mwanzo, fremu ingekuwa mikononi mwako, ungemkabidhi nani?