Ng'ombe Asiyechunwa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanafuga mifugo na kuosha vyombo vyao wenyewe, ng'ombe wa Mzee Kiboko alianguka malishoni, puu! Asubuhi alikula majani vizuri. Mchana tumbo limevimba kama ngoma, na damu nyeusi inamtiririka puani, haigandi.

Fisi akaja na kisu. Majirani wakaja na mabakuli.

Bi Pimbi alikuwa ameketi kizingitini pake, mgongo unamuuma. Damu ile aliijua. Mwaka uliopita mumewe alichuna ng'ombe kama huyo. Kikamtoka kipele mkononi, kikawa kidonda cheusi kisichouma, kisha homa ikamchukua. Na leo mwanawe wa pekee, Mashavu, alikuwa mbele ya foleni, bakuli kifuani.

"Jamani, hicho ni kimeta. Msimguse."

"Ah, shemeji nawe!" Fisi akacheka, hi hi hiii! "Nyama ikichemka vizuri, ugonjwa utakaa wapi?"

"Ng'ombe nimempoteza," akanguruma Kiboko, "na nyama niikose?"

Bi Pimbi akashusha pumzi. Alishabishana sana mwaka ule, na bado akamzika mume.

"Haya, kuleni. Ila Simba nimemwona ng'ambo ya kijito, pua juu. Kisu kikigusa ngozi tu, harufu itamfikia."

Fisi akarudisha kisu kiunoni haraka. "Sasa tufanyeje, shemeji?"

"Mfukieni kwanza alivyo. Shimo liwe la kummeza Twiga. Msukumeni kwa magogo, msimshike, harufu isije ikawaganda viganjani. Palipodondoka damu tuwashe moto, Simba akija aone tunaota tu. Akishapita, mtamfukua."

"Una akili wewe!"

Wakachimba. Ku! Ku! Ku! Kiboko akahema kama mvukuto. Fisi akatoka malengelenge ya jembe viganjani. Wakamsukumia ndani, wakafukia, wakawasha moto. Jua likatua, Simba hakutokea.

"Tufukue sasa," akasema Fisi. Akainua jembe, likamponyoka. Akalishika tena, akakaa chini. "Mzee Kiboko, anza wewe."

"Mimi? Kiuno sina, mwanangu."

Fisi akageuka polepole. "Shemeji... Simba yuko wapi?"

"Hayupo."

"Lo! Umetuchosha makusudi!"

"Nimewachosha, ndiyo. Kuwaeleza nilishachoka mimi."

Fisi akafumbua mdomo amtukane, lakini hata tusi lilimshinda, akapiga mwayo.

Bi Pimbi akamshika Mashavu mkono, bakuli lake tupu, safi. Akalitazama kwa muda mrefu.

"Nyumbani kuna kunde za jana," akasema. "Njooni, wote."

"Zina chumvi?" akauliza Fisi.

"Zina chumvi, shemeji."

Wakamfuata wakiburuta miguu.

Basi, wajukuu zangu, mnyama aliyekufa ghafla na damu inamtoka puani hachunwi wala haliwi, hata njaa iwe kali vipi.