Zimwi Lililobeba Mlima

Haya, wanangu, sogeeni niwape ngano. Hapo kale palikuwa na zimwi lililobeba mlima mgongoni. Upande wa baharini mvua ilinyesha. Upande wa pili, alikoishi mama mmoja aitwaye Namkunda, ng'ombe walikufa kwa kiu.

Namkunda akapanda, akapanda, akapanda, hata akafika kileleni.

"Ewe zimwi, mbona watunyima mvua?"

"Siwanyimi, mama," zimwi likajibu kwa uchovu. "Mawingu hutoka baharini yamejaa maji. Yakinipanda hupata baridi, yakamwaga maji yote kule kule. Kwenu hufika matupu."

"Basi inama yapite."

"Nitainama, nami nipumzike. Lakini mvua itawaruka wale wa upande wa baharini, wakauke wao. Niiname?"

Namkunda akatazama kule chini kwao. Akaona migomba, moshi wa majiko, na watoto wakicheza matopeni. Akaketi, akalia.

"Usiiname."

Akashuka polepole. Wenzake wakamlaki na vibuyu vitupu.

"Zimwi limekataa?"

"Limekubali. Mimi ndiye niliyekataa. Fungeni mizigo, tukawaombe wale wa upande wa mvua pa kukaa."

Wakafunga, wakaanza kupanda.

Ngano yangu imechoka, nami nimechoka. Lalani.