Korongo na Ngoma ya Mwiba

Paukwa.

Pakawa.

Basi tulieni, hadithi imefika na haina subira.

Hapo zamani za kale alikuwako Korongo mmoja mwenye maringo. Siku moja alichomwa na mwiba mguu wa kushoto. Akawa anakanyaga, anaruka, anaburuta. Anakanyaga, anaruka, anaburuta.

Watu walikuwa shambani wanavuna mtama. Wakamwona, wakapiga vigelegele. "Tazameni anavyocheza," alisema Nyamizi, manju wa ngoma za kijiji.

Korongo angesema tu, "Jamani, nimechomwa." Hakusema. Sifa zilimnogea, akaongeza na kutikisa shingo.

Basi ikawa ngoma. Kijiji kizima kinakanyaga, kinaruka, kinaburuta.

Mwiba ukatoka. Korongo akapona, akaangua vifaranga watatu. Vifaranga wakawaona watu wakicheza, wakasema, "Kumbe korongo hutembea hivi." Mama akawakataza mpaka sauti ikamkauka. Wapi! Na kiangazi kilikuwa kinakuja, bwawa linakauka. Korongo haruki angani bila kupiga mbio kwanza, na wale kila wakipiga mbio waliburuta mguu, wakaanguka kifudifudi.

Siku ya kwanza Korongo akaenda kwa Nyamizi. "Mwanangu, ule haukuwa mchezo. Ulikuwa mwiba."

"Shikamoo, mama," alisema Nyamizi. "Umezeeka, umesahau ngoma yako."

Siku ya pili akaingia uwanjani, akatembea sawasawa mbele ya watu wote. Wakamwambia arudi mstari wa nyuma akajifunze. Korongo mwenyewe, akajifunze ukorongo! Alichoka, jamani, alichoka mpaka manyoya.

Siku ya tatu akalia. "Wanangu watakufa kwa kiu. Waambieni kweli."

Nyamizi akaweka ngoma chini. "Siku ile tulipokushangilia, mbona ulinyamaza?"

Korongo akageuka, akarudi bwawani kwa wanawe.

Bwawa likakauka. Makorongo wenzake wakaruka, wakaenda zao. Yeye angewaachaje watoto? Akashika njia kwa miguu, siku saba juani, kutafuta maji. Yeye mbele, wanawe nyuma wanakanyaga, wanaruka, wanaburuta.

Siku ya nne ya safari kitinda mimba akamsogelea, akamwambia kwa upole, "Mama, unatembea vibaya. Simama tukufundishe."

Nanyi mnaonisikiliza, mkisifiwa kwa jambo lisilo kweli, likanusheni siku hiyo hiyo, kabla watoto wenu hawajalijifunza.

Hadithi imekwisha. Ikiwa tamu, nendeni nayo. Ikiwa chungu, mwachieni Korongo.