Roketi kwenye Ua wa Bi Nyamizi

"Ramani hufikisha mlangoni, hodi huingiza ndani." Mmemsikia Mama Siwema akimtupia msemo huo yule bodaboda aliyeegesha pikipiki juu ya mkeka wake, mkacheka, mkaja kuniuliza kama ni maneno ya wahenga. Wahenga gani? Mwenye msemo huu yu hai, anakaa nyuma ya duka la mkaa, na siku anautamka nilikuwa nimesimama palepale. Sogeeni, mpisheni na Kabula akae, niwaambie ulivyoanza.

Ulianza na ugomvi.

"Bi mkubwa, iko hapa! Simu inasema iko hapa!"

"Basi iambie simu ikuonyeshe. Mimi umeniuliza nini?"

Anayepiga kelele ni Mwalimu Lutego, wa fizikia, wa sekondari ile ng'ambo ya uwanja. Anayemjibu ni Bi Nyamizi, jirani yake. Nikisema jirani, mjue ukuta wa chumba alichopanga mwalimu na ukuta wa jiko la Bi Nyamizi ni mmoja. Lakini mwalimu yule, jamani! Asubuhi anapita kichwa kwenye simu, jioni anarudi kichwa kwenye simu. Salamu hatoi, na ukimsalimia anakujibu "poa" kama mmecheza gololi pamoja.

Siku hiyo wanafunzi wake walikuwa kwenye mashindano ya roketi ndogo za karatasi ngumu. Roketi inarushwa ikiwa na yai bichi tumboni. Ikifika juu inafungua mwavuli, inashuka. Sharti irudishwe mbele ya majaji kabla jua halijazama, na yai liwe zima. Mkuu wa shule alikuwa ameshatamka: wakishindwa tena, chumba cha klabu yao kinageuzwa stoo ya madawati. Upepo ukaibeba roketi hadi huku kwetu. Hawakuhangaika, maana ndani yake mlikuwa na kidude kinachosema na setilaiti, kisha kinatuma nukta nyekundu kwenye ramani ya simu ya mwalimu. Nukta ikasimama kwa Bi Nyamizi.

Mwalimu akaingia na wanafunzi wawili, geti likiwa wazi, macho kwenye kioo cha simu. Bi Nyamizi amekaa kibarazani anapepeta mahindi. Mwalimu akampita kama anapita gogo. Akaenda nyuma ya choo. Akachungulia banda la kuku, kuku wote wakatoka. Kila akifika, nukta inaruka: sasa iko jikoni, sasa iko kwenye kamba ya nguo, sasa iko kwa Mzee Kasanda wa upande wa pili, ambaye naye alichomoza kichwa juu ya ua: "Huku usije, nimemwagilia mchicha!" Katika kuifukuza nukta, mwalimu akapanda juu ya turubai alilokuwa ameanikia nsansa Bi Nyamizi, yale majani ya kunde tunayoyapika na karanga. Viatu vyote viwili.

Mtaa mzima tulikuwa tumeshajaa getini. Jua linashuka, binti mmoja kati ya wale wanafunzi analia, na mwalimu, badala ya kuomba radhi, akatoa neno baya: "Humu mna mtu kaificha."

Bi Nyamizi akaweka ungo chini taratibu. "Umekaa na mimi ukuta kwa ukuta, leo unahitaji setilaiti kupajua kwangu, halafu mwizi ni mimi? Haya, endelea kutafuta."

Mimi nikachoka. Nikamshika mwalimu mkono, nikamtoa nje, nikalirudishia geti. "Tia hiyo simu mfukoni. Anza upya, kama mtu aliyelelewa na watu."

Akasimama. Nadhani ni kilio cha yule binti kilichomshinda. Sauti ikatoka ndogo: "Hodi."

Ndani, ungo ukasikika unapepeta tena.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mama. Lutego, jirani yako. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Umeshindaje? Kazi je? Wanafunzi wazima? Na wazazi huko kwenu, hawajambo?"

Jua linakwenda, lakini Bi Nyamizi hakuruka hata salamu moja, na mwalimu akaitikia zote jasho likimtiririka. Mwisho akasema, "Nisamehe nsansa zako, mama, na lile neno langu. Tumepotelewa na roketi."

"Sasa umeuliza." Akainuka, akaingia chumbani, akarudi amepakata kitu kilichoviringishwa kwenye kanga. "Ilinasa kwenye kamba yangu ya nguo. Kuchungulia ndani, naona yai. Nikasema hiki ni cha mtu, kunguru wasije wakakidonoa. Nikakilaza kitandani kwangu."

Mwalimu akatazama paa, akajipiga kwenye paji la uso. "Bati! Chini ya bati setilaiti inabahatisha tu. Ndiyo maana nukta ilikuwa ikiruka..."

"Hayo mtayasoma darasani. Nyie watoto, kimbieni!"

Wakakimbia. Hazikupita dakika nyingi tukasikia vigelegele kutoka uwanjani, jua bado limeng'ang'ania juu ya miti. Mwalimu akashusha pumzi, mkono ukaanza kuitafuta simu mfukoni, akageuka aondoke.

"Wewe unakwenda wapi?" Bi Nyamizi alikuwa ameshashika birika la maji ya kunawa. "Ugali tayari. Na zile nsansa ulizokanyaga, utakuja kuzila kesho. Ramani imekufikisha mlangoni, baba. Hodi imekuingiza ndani. Nawa mikono, karibu tule."