Jina Alilopewa Mtoto wa Atika

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Shamu aliishi mwanamke mcha Mungu aitwaye Lubaba, mke wa Suhaim mfuma mazulia. Baada ya kungoja sana alijaaliwa mtoto, naye mtoto akarejea kwa Mola wake kabla hajatimiza mwezi. Lubaba akasema, "Inna lillahi," na watu wakamsifu kwa subira yake.

Siku chache baadaye Atika, dadake Suhaim, aliyefiwa na mumewe akiwa mjamzito, akajifungua mtoto wa kiume humo humo nyumbani mwa kaka yake, alikohamia. Siku ya akika akamwita Awadhi, yaani badali aitoayo Mola kwa kilichopotea.

"Yeye kapewa badali ya mumewe," Lubaba akajisemea moyoni. "Yangu mimi iko wapi?"

Tangu hapo hakuweza kumtazama yule mtoto. Akinenepa, humuuma, akianza kucheka na watu, humuuma zaidi. Ulimi wake uliozoea nyiradi ukawa mzito kusema mashaallah.

Kisha homa kali ikamshika Atika, maziwa yake yakakatika. Mtoto akapewa maziwa ya mbuzi, akayatapika yote. Suhaim akamjia mkewe kwa upole.

"Bibi, maziwa yako yangaliko?"

"Yamekauka," akajibu Lubaba. Na hali chini ya nguo alikuwa amejifunga kitambaa kifuani, nacho kimelowa.

Akaenda kuswali alasiri. Chumba cha pili mtoto alikuwa akilia kilio kilichoishiwa nguvu. Alipotoa salamu akainua mikono aombe, asipate neno. Amwombe nini Mjuzi wa siri, na uwongo ungali mbichi mdomoni? Akainuka, akaingia kwa Atika.

"Wifi, maziwa ninayo. Nilisema uwongo. Nimekuhusudu kwa mtoto huyu tangu ulipompa jina lile."

Atika akamtazama, midomo imemkauka kwa homa. "Mume wangu sikumtafutia badali, wifi yangu. Nilikuwa nikikusikia ukilia nyuma ya ukuta, wakati watu wakisema umesubiri. Nikaona nikimpa jina hili, kila atakayemwita atakuwa anakuombea wewe badali."

Lubaba akapiga magoti, akalia sana, kisha akamtwaa mtoto na kumnyonyesha. Akawa mama yake kwa sharia ya maziwa. Atika naye akapona.

Lubaba hakuzaa tena. Yasemwa kwamba kijicho kilimrudia siku moja moja, hasa mtoto alipoanza kutambaa na kumwendea Atika kwanza. Siku hizo alimwendea wifi yake na kumwambia, "Leo niombee," wakaketi pamoja mpaka moyo wake utulie.

Enyi ndugu, husuda humjia hata mwenye kukesha katika ibada. Lubaba aliitoa kwa ulimi wake mwenyewe mbele ya yule aliyemhusudu, na hilo ni zito kuliko saumu nyingi. Mola atusafishie vifua, atujaalie kuifurahia neema hata inapoteremkia mlango usio wetu.