Kiti cha Mlezi wa Ufito

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, kwa maana umeme ulikuwapo, simu zilikuwapo, na mvua ya Njombe ilikuwa hii hii tunayoijua, palikuwa na mwanamke aitwaye Witness Mligo. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Aliishi na mama yake nje kidogo ya mji, na meza yake ya kazi ilikaa dirishani, ikitazama shamba la viazi.

Witness aliandika programu akaiita Mbeleko. Kazi ya Mbeleko ilikuwa moja tu. Mkunga wa kijijini akiwa na mama mjamzito aliyezidiwa, alibonyeza alama kwenye simu yake. Mbeleko ikatafuta mwenye gari aliye karibu, awe mwenye pikapu ya viazi, awe dereva wa shamba la chai, ikamwambia: nenda mahali fulani, mama anakusubiri. Basi. Haikuwa na mbwembwe. Wakunga waliipenda kwa sababu ilijibu kabla hawajamaliza kujifunga kanga.

Sasa sikilizeni. Kompyuta nazo zina lugha zake, na nyingine ni nzito, simu ndogo haiziwezi. Kwa hiyo Witness aliiandika Mbeleko kwa lugha mpya iitwayo Ufito, lugha nyembamba, nyepesi, iliyotungwa na watu wengi waliotawanyika duniani. Simu za wakunga ziliibeba bila kulalamika.

Shida ilikuwa pa kuiweka. Mbeya kulikuwa na kampuni iitwayo Nyumba ya Wingu. Watu walisema programu zao ziko winguni, lakini wingu lenyewe lilikuwa jengo la ghorofa mbili lenye mamia ya mashine na jenereta zake, zisizozimwa mvua wala jua. Ukiweka programu yako pale, inafanya kazi hata kwako kukiwa giza. Ila mashine za pale zilifundishwa lugha tano, na Ufito haikuwamo. Basi Mbeleko ikabaki kwenye kompyuta ya Witness, juu ya meza, dirishani.

Witness akaiandikia kampuni: "Naomba wingu lifundishwe Ufito." Akaeleza sababu, akaambatanisha maelezo ya namna ya kufanya, kurasa kumi na nne. Akajibiwa: "Tumepokea. Kwa sasa hapana."

Mwezi uliofuata akaandika tena. Akajibiwa: "Tumepokea. Kwa sasa hapana."

Akaandika tena, na tena. Miaka miwili, maombi ishirini na nne. Kila alipokataliwa aliuliza kwa nini, na kila alipoambiwa kwa nini, alirekebisha, hata zile kurasa kumi na nne zikawa kurasa sitini. Lakini kampuni ilikuwa na kanuni yake: lugha mpya ingepokewa iwapo waandishi mia sita wa programu wangeitaka kwa majina yao. Waliokwisha kuweka majina walikuwa arobaini na mmoja.

Mama yake akamuuliza, "Mwanangu, hao watu hawajakuchoka?"

"Wamenichoka, mama. Lakini bado wananijibu."

Ikafika asubuhi moja mwanzoni mwa Desemba. Mvua ilinyesha, mti ukaangukia nyaya, umeme ukakatika mtaa mzima wa kina Witness. Saa ile ile, kule Lupembe, mwanamke aitwaye Yusta alizidiwa na uchungu. Mkunga wake, Mama Ngailo, akabonyeza alama. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Mara ya tatu akaitupa simu kitandani, akamwambia mume wa Yusta, "Baba, kimbia. Leo hatuna gari."

Mume huyo aliitwa Obadia Sanga, fundi simu wa pale sokoni. Alikimbia kwenye matope mpaka shamba la chai, akarudi na trekta. Yusta akalazwa kwenye trela juu ya magunia matupu, Mama Ngailo akimshikia mwavuli. Walifika hospitali saa saba mchana. Mtoto wa kike akazaliwa salama. Mama yake alilazwa siku kumi na tisa, na kwa siku nne za mwanzo madaktari hawakutaka kumwambia Obadia lolote la uhakika.

Yusta aliporudi nyumbani na kupata nguvu ya kukaa mlangoni na mwanawe, Obadia alipanda gari kwenda Njombe, akaulizia mpaka akafika nyumbani kwa Witness. Hakukaa alipokaribishwa.

"Dada, wewe ndiye mwenye Mbeleko?"

"Ndiye mimi, kaka."

"Ilinyamaza. Mke wangu alikuwa anakufa, nayo imenyamaza."

Witness hakujitetea. "Ni kweli. Iko kwenye kompyuta ile pale. Umeme ukizima, nayo inazima."

Obadia akaitazama kompyuta. Akatazama dirisha. "Kitu kama hiki kinawekwaje mezani kama chungu cha maua?"

Hapo Witness akamweleza yote: Nyumba ya Wingu, lugha tano, maombi ishirini na nne, majina arobaini na moja. Obadia akavuta kiti, akakaa.

"Yaani kinachotakiwa ni majina?"

"Majina mia sita. Ya watu wa kazi hii."

"Mimi sijui kuandika hata mstari mmoja wa hiyo Ufito yenu," alisema Obadia. "Lakini watu najua kuwatafuta. Nipe hizo karatasi zako."

Akafunga kibanda chake cha simu. Akaenda Iringa. Akaenda Songea. Akaenda Mbeya, akaenda Dodoma. Aliingia vyuoni, akaingia maofisini, akasimama kwenye mikutano ya vijana wa kompyuta akiwa na koti lake la mvua. Kila mahali alisimulia habari ya trela mara moja tu, kisha akatoa karatasi za Witness: "Ombi hili hapa. Soma. Ukiona halina maana, usiweke jina."

Huko Iringa mmoja akamuuliza, "Mzee, Ufito inazidi nini lugha ninayotumia mimi?"

"Hilo muulize dada Witness, namba yake hii. Mimi niulize habari za trela."

Wakacheka. Wakasoma. Wakaweka majina. Wiki tisa zilipokwisha, majina yalikuwa mia sita na kumi na mawili.

Mkurugenzi wa Nyumba ya Wingu, Mama Subilaga Mwakalobo, alifurahi, maana naye alipoanza kazi hii alikataliwa mara nyingi. Akapanga siku ya sherehe, akaagiza pilau, akaalika wageni. Ilibaki sahihi moja tu, ya msimamizi wa usalama wa mashine, mwanamke mpole wa sauti ndogo aitwaye Atuganile Mwaisumo.

Atuganile akakataa kutia sahihi.

"Atuganile," alisema mkurugenzi, "watu mia sita!"

"Hata wangekuwa elfu sita, mama. Nimeiweka Ufito kwenye mashine ya majaribio, nikaziweka programu mbili jirani. Hii imesoma siri za ile bila kubisha hodi. Ufito yenyewe ina tundu. Mezani kwa dada Witness haikudhuru, kwa sababu Mbeleko ilikaa peke yake. Hapa itakaa na majirani. Majina ya wajawazito, vijiji vyao, namba zao, yatasomwa na kila mpita njia."

Sherehe ikaahirishwa. Wageni wakaambiwa wasije. Witness alilia jikoni kwao, mara ya kwanza katika miaka yote ile. Obadia yeye alipiga simu Mbeya, akampata Atuganile, akamwambia maneno makali ambayo sitayarudia hapa kwa kuwa kuna watoto. Atuganile akamsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akauliza, "Mkeo anaendeleaje, kaka?"

"Anaendelea vizuri," akajibu Obadia.

"Nami nataka jina lake lisisomwe na mtu. Nipe muda."

Atuganile hakuishia kwenye hapana. Likizo yake ya mwaka ilikuwa imefika, naye alikuwa ameahidi kwenda kwao Kyela. Hakwenda. Wiki tano alikaa na Ufito, mstari kwa mstari, akizungumza na Witness kwenye simu kila siku, huyu akijua lugha, yule akijua hatari. Wiki ya kwanza waliitana dada kwa adabu. Wiki ya tatu walikuwa wakikatizana maneno kama ndugu wa tumbo moja. Siku ya Jumatano ya wiki ya tano tundu likazibwa. Wakawatumia dawa yake watu wa Ufito kila walipo duniani, nao wakaipokea kwa shukrani.

Atuganile akatia sahihi. Wingu likajua Ufito. Mbeleko ikahama kutoka mezani ikaenda Mbeya.

Aprili hiyo mvua ilikuja kwa fujo, umeme wa Njombe ukakatika siku mbili mfululizo. Witness alikaa na mama yake wakimenya viazi, kompyuta imezima kama jiwe, na simu ikimletea habari moja baada ya nyingine. Mama amepata gari, Uwemba. Mama amefika hospitali. Mama amepata gari, Lupembe. Siku mbili zile, kina mama saba waliitisha magari, na wote saba walifika.

"Kumbe imezima na bado inafanya kazi?" mama yake akauliza.

"Imezima hapa tu, mama," akasema Witness, akacheka mpaka akaacha kisu.

Ndipo pilau likapikwa kweli. Wote wakakutana Mbeya, Yusta na mtoto wakiwamo, Mama Ngailo akiwamo na kanga yake mpya. Walipokwisha kula, Mama Subilaga akasimama.

"Mnajua desturi ya nyumba hii. Kila lugha iliyomo humu ina mlezi. Mlezi ana kiti katika mkutano wetu wa mwaka. Lugha ikitaka kubadilishwa, neno lake husikilizwa kwanza, na jina lake huandikwa kwenye mlango wa mashine za lugha hiyo. Si lazima awe mwandishi wa programu, wala si lazima awe mgeni au mwenyeji. Ila ni mmoja. Lugha ya pili tuliipa walezi wawili, wakagombana, mashine zikasimama siku nne. Ufito nayo itapata mlezi mmoja. Watatu nyie, semeni bila haya: nani akae?"

Wakatazamana. Wakacheka kwanza, maana walikuwa wamekwisha kuwa marafiki. Lakini kiti kila mmoja alikitaka, na hakuna aliyeficha.

Witness akasema, "Mimi niliomba pale ambapo hakuna aliyekuwa akiomba. Majibu ishirini na nne ya hapana ninayo mpaka leo. Hizo karatasi alizobeba kaka Obadia niliziandika mimi, na watu waliweka majina baada ya kuzisoma. Ningekoma kwenye ombi la tano, au la kumi, leo kusingekuwa na cha kubeba wala cha kukagua. Kiti ni changu."

Obadia akasema, "Dada Witness, nakuheshimu. Lakini miaka miwili ulipata majina arobaini na moja. Mimi wiki tisa nilileta yaliyobaki, nikiwa nimefunga kibanda kinachonilisha. Nyie wawili ni watu wa kazi hii, mngefaidika kwa kazi yenu. Mimi sikuwa na faida yoyote. Mke wangu alikuwa amekwisha kupona. Niliwatafutia gari kina mama ambao siwajui. Kiti ni changu."

Atuganile akakohoa kidogo. "Mimi sikuomba, wala sikukusanya. Nilikataa, nikachukiwa na chumba hiki kizima, na kaka Obadia anajua aliyoniambia." Obadia akainamisha uso, watu wakacheka. "Kuomba kuna raha ya kuungwa mkono. Kukataa hakuna. Kama ningetia sahihi siku ile, mngekula pilau mapema, na siri za kina mama zingekuwa sokoni. Na tundu nililiziba kwa likizo yangu. Mlezi ni yule anayesema hapana inapobidi. Kiti ni changu."

"Tuliliziba," Witness akasahihisha. "Nani alikuwa kwenye simu?"

"Tuliliziba, ni kweli," Atuganile akakubali. "Lakini nani aliliona?"

Chumba kikagawanyika. Wenzake Atuganile walisema Atuganile, isipokuwa wawili waliokuwa wakifungua barua za Witness kila mwezi. Hao walisema Witness, na walisema kwa nguvu. Madereva wa pikapu walisema Obadia. Yusta alipoulizwa hakumtaja mumewe. Alisema anayemtaka ni yule aliyelinda jina lake, na Obadia akamgeukia kwa mshangao. Mama Ngailo akasema yeye angemchagua aliyetunga Mbeleko, lakini mkurugenzi akamkumbusha kwamba kiti si cha Mbeleko, ni cha Ufito. Mama Ngailo akaomba chai nyingine.

Mama Subilaga aliwasikiliza wote. Akaenda kusimama nyuma ya kiti cha mlezi, kilichowekwa tayari mbele ya wageni, akakishika kwa mikono miwili, akatazama uso mmoja, na wa pili, na wa tatu.

Haya, mliokaa hapa. Mmoja aliomba bila kuchoka, mpaka likawapo jambo la kuungwa mkono. Mmoja alikwenda kuwatafuta wa kuliunga, ilhali halikuwa lake tena. Mmoja alilizuia lilipokuwa limekwisha kufika mlangoni, kisha akalipitisha likiwa salama. Kiti ni kimoja, na mama wa watu amesimama anangoja. Msiniangalie mimi; mimi nilikuwa msimulizi tu. Je, nani alistahili kukaa?